Nilibana hela ya chakula miezi 3 na akiba haikuonekana, nikaja kugundua nilikuwa nasahau kitu

Nianze na ile usiku niliyokaa kitandani na simu mkononi naangalia salio. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa 3 tangu nianze kubana matumizi ya chakula, na nilijua kabisa nimebana, daftari lilikuwa linaonyesha tumetumia pungufu ya zamani kwa karibu robo nzima, lakini salio lilikuwa lilelile la siku zote yaani kama vile sijafanya kitu. Nililia, sifichi. Miezi 3 ya kuwaambia watoto hapana, ya kurudisha vitu kwenye rafu, halafu hela yenyewe haipo.

Ilienda wapi nitasema, ila lazima nirudi nyuma kwanza.

Nyumbani tuko 6. Mimi, mume wangu, watoto 3 na shemeji yangu ambaye bado anasoma. Mume wangu analipwa kila mwezi, mimi nalipwa kazi ikiisha, kwahiyo kuna mwezi tunapumua na kuna mwezi tunahesabu siku. Kodi ya nyumba inajulikana, ada inajulikana, umeme na maji unaweza kukisia, lakini chakula kilikuwa hakina namba kabisa, ukiniuliza tunatumia kiasi gani kwa mwezi ningekutajia chochote kilichonijia kichwani. Na bahati mbaya ndio matumizi makubwa kuliko yote.

Basi nikaanza kuandika. Siku 30 bila kubadilisha chochote, tununue kama kawaida yetu ila kila kitu kiandikwe, hadi kiberiti. Hii hatua watu wengi wanairuka wanakimbilia kubana na mimi naona hapo ndipo wanapokosea, kwasababu unabana kitu usichokijua kikoje. Niliweka kopo juu ya friji kila anayerudi na risiti anaitupia humo, na pale pasipotoa risiti unaandika kwenye simu palepale kabla hujasahau, ukisema nitaandika nikifika nyumbani ujue ishapotea hiyo. Mume wangu mwanzoni aliona namchunguza. Akaniuliza, "Mke wangu, kwani kuna mtu unamshuku humu ndani?" Nikamwambia hapana, nataka tujue tu, na yangu pia naandika utaisoma. Akakubali, na kwakweli bila yeye kukubali hili zoezi lingekufa wiki ya kwanza.

Mwezi ulipoisha nikajumlisha. Chakula kilichukua asilimia 44 ya kila kilichoingia. Nilishtuka, na kilichozidi kuniumiza ni ile kanuni ya 50/30/20 ambayo inasambazwa sana, kwamba nusu ya kipato iende kwenye mahitaji yote ya lazima, asilimia 30 unayoyapenda na 20 akiba. Chakula peke yake kinakaribia hiyo nusu, kodi niilipe na nini? Nikajiona nimeshindwa maisha. Baadae nikaja kusoma kwamba kuna mtaalamu wa takwimu Mjerumani anaitwa Ernst Engel, mwaka 1857 huko alishaonyesha kwamba familia ikiwa na kipato kidogo sehemu inayoenda kwenye chakula inakuwa kubwa, na kipato kikipanda sehemu hiyo inapungua. Yaani sio uzembe wa mtu, tumbo la mwenye nacho na la asiye nacho halipishani sana ukubwa. Toka siku hiyo niliacha kujilinganisha na kanuni ya mtu mwingine, nikawa najilinganisha na mwezi wangu uliopita tu.

Sasa lile daftari nilipolisoma taratibu ndio nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa nadhani tatizo ni bei. Nikahesabu tumeenda dukani mara ngapi kwa hizo siku 30, ni mara 27! Na manunuzi makubwa ya kweli yalikuwa 4 tu. Hizo 23 zingine zote ni "nimefuata chumvi", "nimefuata sabuni", "vitunguu vimeisha", na hakuna hata siku moja mtu aliyefuata chumvi akarudi na chumvi peke yake. Anarudi na chumvi, biskuti, juisi na kitu fulani kilikuwa na ofa. Nilipojumlisha hizo safari ndogondogo zilikaribia nusu ya hela yote ya chakula, na vitu vyenyewe nusu yake vilishaliwa kabla ya kufika mezani. Vile vipakiti vidogo navyo ukipiga hesabu kwa gramu mara nyingi ndio ghali kuliko vyote.

Kwahiyo nikaachana na mambo ya kuzunguka maduka kutafuta wapi bei imeshuka, nikapambana na safari. Tuliweka siku moja ya manunuzi kwa wiki na karatasi kwenye mlango wa friji na kalamu imefungwa kwa uzi. Mwanzo tulikubaliana anayemaliza kitu anakiandika, haikufanya kazi, maana kikishaisha kinahitajika leo na mtu anatoka tena mbio. Tukabadilisha, anayefungua pakiti ya mwisho ndiye anaandika. Hapo ndipo mambo yakanyooka, kitu kinaandikwa bado kipo na kinasubiri siku yake. Wiki 2 za kwanza wote walisahau isipokuwa mtoto wangu wa kati ambaye aliipenda ile kalamu, akawa ndiye msimamizi, akiona kopo limebaki kidogo anaandika mwenyewe hata kama hajaambiwa. Mwezi uliofuata safari zilishuka mpaka 9.

Halafu kuna ndoo ya taka. Hii niliifanya kwa uchungu. Wiki moja kila chakula kinachotupwa nakipima kwanza kwenye mzani wa jikoni, ikafika kilo 3 na kitu. Wali ulioganda, mboga za majani zilizonyauka, mkate wenye ukungu, nusu kopo la nyanya. Niliwahi kuona ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 kwamba kwa mwaka 2022 taka za chakula duniani zilikuwa tani bilioni 1.05 na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, sio mahotelini wala madukani, majumbani. Nilipoisoma niliona kama inaongelea watu wengine, kumbe mimi nilikuwemo humo na kilo zangu 3 kila wiki.

Sababu ya wali nilijua haraka. Nilikuwa napika kwa macho, mkono umezoea watu 6, lakini mchana wa siku za kazi tunakuwa 2 au 3. Nikaanza kupima kwa kikombe na kabla ya kupika nauliza nani atakuwepo. Kinachobaki sikiachi kwenye sufuria mpaka usiku, ndani ya masaa 2 kinaingia kwenye friji kwenye chombo chenye mfuniko, na friji iwe nyuzi 4 au chini ya hapo, yangu nilikuwa sijawahi hata kuangalia iko ngapi. Kiporo tunakila ndani ya siku 3, na kama naona hatutakigusa kinaenda friza mapema, sio siku ya 4 ndio naanza kukihurumia. Mkate nao nagawa, nusu friza nusu mezani. Ndizi zilizoiva nikaziondoa karibu na matunda mengine maana zinatoa gesi inayoivisha wenzake haraka. Na kwenye friji rafu ya usawa wa macho nikaweka trei, kilichomo humo ndicho kinaliwa kwanza, mboga iliyobakia, kipande cha jibini, nyanya inayoanza kulainika, na mimi kabla sijaamua napika nini naangalia hiyo trei kwanza.

Kingine ni tarehe za kwenye pakiti. Nilikuwa natupa kila kilichopita tarehe. Kuna tarehe ya usalama, ile inayokaa kwenye nyama, samaki na vitu vinavyoharibika haraka, hiyo ukipita usicheze nayo. Na kuna tarehe ya ubora, ile ya "bora kabla ya", inakaa kwenye pasta, biskuti, maharage makavu, hiyo inasema ladha inaweza kupungua lakini kitu hakijawa sumu. Nimetupa pasta nzima kabisa miaka mingapi sijui.

Kwenye kununua jumla nilipata hasara ambayo sitaki mtu aipate. Nilinunua mchele kilo 25 kwasababu kwa kilo moja moja ulikuwa nafuu kweli, hesabu haikuwa na kosa, kosa ni kwamba niliuacha kwenye gunia lake jikoni pembeni ya jiko kwenye joto, baada ya wiki kadhaa nafungua naona wadudu wanatembea. Tulichambua, tukapepeta, lakini kiasi kingine kiliharibika na ile nafuu yote ikaondoka. Sasa hivi nanunua jumla kile tu nilicho na chombo chake cha kufunga kabisa, na nafaka ikiingia ndani naigawa mafungu naipitisha friza siku 4 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ili mayai ya wadudu yafe, ndio inaenda kwenye kontena sehemu kavu isiyo na joto. Ya zamani mbele, mpya nyuma. Na sio kila pakiti kubwa ni nafuu jamani, simu ina kikokotoo, gawanya bei kwa gramu palepale kwenye rafu. Kuna bidhaa niliyoizoea pakiti ilitoka gramu 900 ikawa 750 na umbo ni lilelile, bei haikuguswa, bila kusoma namba ya chini pale usingejua.

Watoto hatukuwapunguzia mayai wala maziwa, hilo nililikataa toka mwanzo. Nyama tukapunguza siku, maharage makavu yakaongezeka, kilo moja ukiloweka na kuchemsha inakaribia kilo 2 na nusu ya chakula, inalisha watu.

Haya, sasa ile hela. Miezi 3 matumizi yameshuka kwa robo na salio halijasogea. Nilikaa na mume wangu tukapitia kila kilichotoka, na hakukuwa na jambo la aibu hata moja. Bando la shemeji. Nauli za ziada. Ndugu aliazima. Viatu vya shule ambavyo kweli vilikuwa vimechanika. Yaani hela ya chakula iliyobaki ilikuwa imekaa sehemu moja na hela zingine zote, na hela ikikaa hapo ina jibu kwa kila anayeuliza. Mimi nilikuwa nimepunguza matumizi ya jikoni, akiba nilikuwa sijaweka hata siku moja, na nilichanganya hivyo vitu viwili miezi 3 yote.

Tulichofanya ni kufungua akaunti nyingine isiyo na kadi. Siku hela inapoingia, kiasi kidogo kinaondoka kwanza kabla ya chochote. Halafu kila siku ya manunuzi nikirudi nyumbani, kabla sijalala, nachukua bajeti ya wiki natoa nilichotumia, kinachobaki nakihamisha usiku huohuo hata kama ni kidogo cha kutia huruma. Kesho yake ni too late, nishajaribu, kesho yake kuna mtu anahitaji kitu.

Na hesabu ya wiki nayo ilikuwa inanipiga chenga. Nilikuwa nagawa hela ya mwezi kwa 4, na kila mwezi zile siku za mwisho naishiwa najilaumu. Kumbe wiki 4 mara miezi 12 ni wiki 48, na mwaka una wiki 52, kuna wiki 4 nzima nilikuwa sizipangii chakula! Sasa nagawa kwa idadi ya siku za mwezi husika, halafu nazidisha kwa 7. Kitu kidogo hicho lakini kimenipa amani kuliko vyote.

Mwezi wa 8 mshahara wa mume wangu ulichelewa siku 19. Aliingia jikoni akasimama mlangoni hasemi kitu, nikajua. Zamani hapo ndipo tungeanza kupiga simu kukopa kwa huyu na yule, na deni la chakula linauma kwasababu unalilipa wakati ulishakila. Nilifuta mikono nikachukua simu nikamwonyesha akaunti ile. Aliangalia muda mrefu, akaniambia, "Mama, hii yote ni ya jikoni?" Nikamwambia yote.

Tulikula humo siku 19 na tumekuja kuirudisha yote mwezi wa 11. Kinachonisumbua bado ni kifungua kinywa, asubuhi kila mtu anataka chake na muda hakuna, hapo daftari bado linaonyesha nazidisha kila wiki. Wiki hii najaribu kuandaa vitu usiku watoto wakishalala.