Vile tulipandisha ile daunihili mpaka Menengai

Hii stori ni ya 2019, mwezi wa nane, na kabla mtu aniulize mbona nilinunua baiskeli ya daunihili, zile nzito za kuteremka milima kwa kasi, nikiishi Nakuru, jibu ni kwamba ilikuwa bei rahisi. Kuna jamaa Naivasha alikuwa anahama nchi, anauza kila kitu, friji, sofa, jenereta, mpaka mbwa alitaka kunipatia bure nikakataa, na hapo kwa gereji kulikuwa na baiskeli imeegemezwa ukuta, vumbi tupu, tairi zimeisha pumzi. Elfu thelathini na tano. Nikiangalia breki pekee, zile za mafuta za pistoni nne na diski za milimita 203, nikajua hata nikiuza spea moja moja pesa yangu itarudi. Tukaifunga juu ya matatu mpaka nyumbani.

Sasa, daunihili ni baiskeli ya watu wenye lifti. Kule kama Whistler, Kanada, unakaa kwa kiti cha lifti unapandishwa mpaka juu wewe na baiskeli yako, kazi yako ni kuteremka tu, ukifika chini unapanga laini tena. Kwa hivyo aliyeitengeneza hakuwa na haja na mtu wa kukanyaga pedeli akipanda. Kwa hizo shoki, tairi za mbele na nyuma zinacheza milimita 200, foki inayoshika tairi la mbele ni ya mataji mawili, yaani vibanio viwili vya mirija yake, kiti kiko chini kabisa ndio kisikugonge ukiruka, na gia ni za kukimbia. Yangu mbele ilikuwa na sproketi moja ya meno 38, nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi, ya kuanzia meno 11 mpaka 25. Ukipiga hesabu, kwa ile gia nyepesi kabisa kila ukizungusha pedeli mara moja unaenda mita tatu na zaidi. Kwa barabara tambarare ni sawa, lakini jaribu hiyo kwa mteremko wa mtaa wa Milimani ukielekea Menengai, ule mlima wa volkano juu ya mji, yaani ukipanda sasa, utashuka usukume mbele ya watoto wa shule wanakucheka.

Binamu yangu ndiye alikuwa na maoni mengi. Yeye ana baiskeli yake ya mlima isiyo na shoki ya nyuma, kilo kumi na mbili hivi, na kwake ugonjwa wote wa dunia ni uzito. "Hiyo ni chuma, ndugu yangu. Punguza uzito kwanza, mengine baadaye." Akanionyesha usukani wa kaboni kwa simu, pedeli za magnesiamu, boliti za titani, bei zake hata sitaki kukumbuka. Tukaenda kwa mama mmoja wa viazi hapo karibu na soko, ana ile mizani ya kuning'iniza magunia, nikamwomba tupimie baiskeli. Akatuangalia, akauliza, "Na hii mnauza kwa kilo?" Ikasoma kumi na nane na nusu. Mimi nilikuwa sabini na nane, kwa hivyo pamoja tunakaribia kilo mia. Nikamwambia binamu hebu fikiria, nikitumia pesa yote hiyo nipunguze kilo moja na nusu, nimepunguza kama asilimia moja na nusu ya mzigo wote, kupanda kwa saa moja nitaokoa dakika moja labda. Dakika moja! Akasema mimi sijui mambo ya baiskeli, tukaachia hapo.

Aliyenielewa ni fundi. Huyu ni mzee wa miaka yake sitini na kitu, ametengeneza baiskeli Nakuru tangu wakati wa zile baiskeli za Black Mamba kubeba maziwa na kuni, na hajawahi kuona shoki ya nyuma ya springi kama ile yangu. Lakini aliizunguka kimya, akaikalia, akakanyaga kidogo akiwa ameshika ukuta, akashuka. "Kijana, shida hapa si uzito. Magoti yako yanafika kifuani, na matako yako juu ya tairi la nyuma. Utapandaje mlima hivyo?"

Na ndio hivyo haswa. Paipu ya fremu, ile ambayo paipu ya kiti inaingia, kwa baiskeli ya daunihili imelala nyuma sana, na juu ya hiyo ni fupi, na yangu ndani ilikuwa imekatika njiani kwa sababu shoki imepita hapo katikati, kwa hivyo huwezi hata kuingiza paipu ndefu ya kiti ukaishusha vile unataka. Ukikaa, ukianza kupanda, uzito wote unaenda nyuma, springi inabonyea, tairi la mbele linaanza kutafuta mawingu. Halafu ukiinua kiti kadiri unavyoinua ndivyo kinavyoenda nyuma zaidi, maana paipu imelala. Kila kitu tulichofanya baadaye ukikiangalia vizuri kilikuwa ni kurudisha matako yangu mbele na juu. Hiyo tu.

Paipu ndefu ya kiti ya milimita 400 ilipatikana kwa mitumba lakini ilikuwa nyembamba, 27.2, na shimo la fremu ni 30.9. Mzee akanituma Industrial Area kwa jamaa wa mashine ya kuchonga, akanichongea bomba la alumini la kuvalisha hiyo paipu, ukuta wake hata milimita mbili haifiki, na alilichonga vizuri mpaka likaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Mzee akasisitiza paipu iingie ndani ya fremu sentimita kumi isipungue, la sivyo fremu itapasuka hapo juu inapoingilia. Tukapima, ikatosha na chembe. Kiti chenyewe tukakisogeza mbele mpaka mwisho wa reli zake, pua ikaangalia chini kidogo, ukikiona kwa macho kinakaa vibaya sana lakini ukipanda mlima ndio kinakuwa sawa. Na kufunga tukaweka ile klipu ya kufungua kwa mkono, hiyo ilikuwa ya muhimu, utaona mbele.

Gia zikaja kwa parseli ya matatu kutoka Nairobi. Kaseti ya gia kumi, meno 11 mpaka 42, direla ya nyuma, ile ya kuhamisha cheni, ya mkono mrefu kwa sababu ile fupi ya zamani haingeweza kumeza cheni yote hiyo, kibonyezo cha gia kumi, cheni mpya, na sproketi ya mbele ya meno 32, zile zenye jino nene jino jembamba zinashika cheni isiruke. Nilitaka 30 lakini krenki yangu, ile mikono ya pedeli, ilikuwa ya boliti nne za upana wa milimita 104, na kwa hizo 32 ndio ndogo ya kawaida. Ile plastiki ya kushikilia cheni tukang'oa tukatupa. Bahati nzuri habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa inakubali kaseti ya kawaida, kuna daunihili zingine zina habu fupi ya gia saba ambapo ungelazimika kununua gurudumu zima. Hesabu mpya: mzunguko mmoja wa pedeli, mita moja na nusu na kidogo. Yaani nusu ya kazi ya mwanzo kwa kila kanyagio, unaenda polepole kama kilomita sita kwa saa lakini unaenda.

Foki ndio ilinifanya nimheshimu Mzee. Nilikuwa nafikiria lazima ninunue ingine fupi ya taji moja, pesa ambayo sikuwa nayo. Akaangalia yale mataji mawili yanayobana mirija, akasema si tunaweza kulegeza hizi boliti tuipandishe mirija juu, baiskeli ishuke mbele? Na ni kweli inawezekana, ila kuna mahali pa kuwa makini: ukishusha sana, siku foki ikibonyea mpaka mwisho tairi litagonga taji la chini ukiwa kwa mwendo, na hapo ni hospitali. Kwa hivyo akatoa springi za foki zote, akaibonyeza mpaka chini kabisa kwa mkono, akaangalia tairi limebaki umbali gani na taji. Akashusha milimita 20 na bado nafasi ya kupita kidole gumba ikabaki. Milimita 20 hizo zinasimamisha fremu yote kama digrii moja, usukani unakuwa mwepesi kugeuka na kiti kinaletwa mbele. Bure kabisa, bila kununua hata nati.

Nyuma nikabadilisha springi. Ya kwanza ilikuwa ya 350, zinapimwa kwa paundi kwa inchi, nikapata ya 450 kwa jamaa mmoja wa Nairobi anayeendesha msitu wa Karura, tukabadilishana na taa. Nikikaa kwa ile ya zamani shoki yenyewe ilikuwa inazama milimita 27 kati ya 76, kwa hii mpya ikawa 21. Inaonekana kidogo lakini sehemu ya nyuma haikuwa inakaa kitako tena.

Binamu naye hakukubali kushindwa, akasema basi angalau tairi. Na hapo alikuwa na haki kiasi, zile tairi zilikuwa za kuta mbili, kila moja kilo moja na robo, tyubu zake nzito pia. Tukaweka za upana wa inchi 2.35, nyepesi, kama gramu mia saba na hamsini, na ndani ya tyubu tukamwaga ile dawa ya kuziba panchari, kwa sababu kule Menengai miiba ya migunga haijali umenunua tairi ya bei gani.

Jumamosi tukatoka mapema. Mjini uko kama mita 1,850 juu ya bahari na pale juu kwa viewpoint ni 2,278, kwa hivyo ni zaidi ya mita mia nne za kupanda, na njia ikishapita nyumba za Milimani haikupi nafasi ya kupumzika. Nikazungusha ile nobu ya kukaza shoki ya nyuma mpaka mwisho, kiti juu, gia ya mwisho kabisa, nikaanza kukanyaga. Dakika kumi za kwanza nilikuwa nasubiri tu kitu kivunjike. Bado inanesa, siwezi kudanganya, kila ukikanyaga unaona springi inapumua, lakini tairi la mbele limekaa chini, magoti yananyooka, na pumzi inapatikana ya kuongea. Binamu alikuwa mbele, anapotea kwa kona, namkuta amesimama ananisubiri anajifanya anakunywa maji. Boda moja ikanipita imebeba abiria wawili na kuku, dereva akapunguza mwendo kando yangu akauliza, "Boss, hiyo pikipiki imeisha mafuta?" Sikuwa na jibu na pumzi ya kujibu pia sikuwa nayo wakati huo, ilikuwa ni pale mahali pabaya kwa mikaratusi ambapo zamani ningekuwa nasukuma.

Sikusukuma. Nilishuka kwa baiskeli nikiwa juu kabisa, kwa upepo, nyani wakiangalia mifuko yetu, kule chini kwa shimo la volkano moshi wa visima vya mvuke unapanda. Binamu alikuwa amefika kitambo. Akaangalia saa, akasema ungekuwa na usukani wa kaboni ungenifikia. Nikamwambia shuka mbele basi, wewe mwenye baiskeli nyepesi.

Hapa sasa ndio klipu ya kiti ililipa gharama yake. Unafungua, unasukuma kiti chini mpaka kinapogota, unafunga, nobu ya shoki unairudisha, na ndani ya nusu dakika una daunihili yako tena. Tukaingia vijia vya msituni, vya vumbi lile la volkano linafanana na unga, juu ya mawe ambayo huyaoni mpaka umeyagonga. Breki kidole kimoja. Mizizi ambayo binamu alikuwa anaipita akiwa amesimama meno yameuma, mimi nilikuwa naipita nikiwaza mambo mengine. Nilimpita kwa kona ya pili. Lakini kila nikilaza baiskeli kwa vumbi tairi la mbele lilikuwa linateleza upande, linashika, linateleza tena, na mara moja mguu ukatoka kwa pedeli nikajishika kwa kichaka, na kichaka chenyewe kilikuwa na miiba. Ule mpira wa tairi nyepesi ni mgumu, haushiki, na kuta zake nyembamba zinajikunja ukiingia kona kwa nguvu. Nyuma hakukuwa na neno, nyuma hata ikiteleza unaicheka tu.

Jumatatu nilikuwa kwa Mzee tena, nikamwambia arudishe ile nzito mbele, nyuma aache hivyo hivyo. Akasema alijua. "Sasa mbona hukusema?" "Hukuniuliza, uliniletea tairi." Akaifunga, akanitoza mia moja, na baiskeli ikabaki hivyo mpaka leo, kilo kumi na nane kasoro kidogo kwa mizani ya mama wa viazi, naipanda nayo Menengai na Hyrax Hill na hata kwenda dukani. Ile tairi nyepesi ya mbele binamu aliitaka kwa baiskeli yake, nikamuuzia. Alilipa nusu, nusu ingine ananiambia mwisho wa mwezi, hajasema mwezi gani.