Nimemwona yule mtu wa kinamasi na nimerudi sina amani

Wiki iliyopita grupu letu la Watanzania wa hapa Denmark halikulala. Kijana wa watu kafariki, mwili unatakiwa urudi, na gharama ya kusafirisha maiti kutoka huku ukiigeuza kwa hela ya kwetu ni nyumba imeshaezekwa. Halafu mtu anaandika "si azikwe huko huko", nililala na hasira mpaka kazini.

Jumamosi mama mmoja wa Kidenishi ninayefanya naye kazi nyumba ya wazee kaniona sina raha, kanipakia kwenye gari lake mpaka makumbusho ya mji wa Silkeborg, na kiingilio kalipa yeye, huku ambako hata kahawa kila mtu na yake. Tukaenda kumwona mtu wa Tollund, maiti ya kale iliyokutwa kwenye kinamasi.

Jamani. Kanyongwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita na ukimwangalia usoni unataka kumwamsha. Kofia ya ngozi kichwani, kamba ya ngozi bado iko shingoni, vindevu unavihesabu kimoja kimoja. Waliomkuta mwaka 1950 walikuwa wanakata ule udongo wa kinamasi wa kuwashia moto, wakaita polisi wakidhani kauawa juzi. Maji ya mle ni ya baridi, hayana hewa, na mimea yake inatoa asidi, basi mwili hauozi, ngozi inaiva kama ya kiatu. Hadi uji wa shayiri na samaki wameukuta tumboni.

Kwa nini walimnyonga? Wengi wanasema kafara kwa miungu. Mimi kilichonishika ni kwamba walimlaza kwa ubavu miguu kaikunja kama mtoto aliyesinzia, macho kafumbwa, mdomo umefungwa. Mita kama 80 kutoka hapo, mwaka 1938, alishakutwa mwanamke naye kanyongwa, nywele ndefu zimesukwa vizuri kabisa. Nani alimsuka?

Na pale kwenye kioo kichwa tu ndicho chake, mwili ni wa kutengeneza, maana enzi zile walihifadhi kichwa na viungo vichache tu. Hilo liliniuma sana, sisi tunahangaika mtu arudi kwa mama yake mzima.

Wadogo zangu mnaotaka kuja, kabla hamjauliza mishahara ulizeni ukifa nani anakurudisha, jiunge na chama cha kuzikana mwezi wa kwanza kabla hujanunua simu.

Tulivyotoka yule mama akaniuliza mmepungukiwa kiasi gani, nikamtajia, akatuma palepale kabla hajawasha gari. Kijana wetu anaondoka Alhamisi.