Zamu ya Kuosha Sufuria

Kila Desemba makao ya watoto jijini Nairobi hupokea wageni wengi kupita kiasi, wakiwa na unga, sabuni, fulana za kikundi na mpiga picha. Sisemi haya kwa kuwasuta, kwa kuwa unga ule huliwa na sabuni ile hufua nguo. Ninachojiuliza ni ziara ya namna hiyo inamfanyia nini moyoni yule aliyefunga safari.

Mimi hujitolea siku za Jumamosi katika jiko la parokia moja ya Eastlands, ambako huwapikia wazee na watoto githeri, na nyakati nyingine ugali na sukuma wiki. Kadiri ninavyokaa pale ndivyo ninavyoamini kwamba huduma hugeuka sala inapokuwa kazi ya zamu, ambayo haingoji mtu awe na hamu nayo na ambayo anayekula haioni. Anayegawa sahani huambiwa "Mungu akubariki" papo hapo. Anayesugua sufuria ya githeri iliyoshika chini haambiwi chochote, na katika ukimya huo moyo huanza kunung'unika: mbona mimi tena, fulani yuko wapi, na je, kuna aliyeniona? Kuyasikia manung'uniko hayo bila kuyatii, huku mikono ikiendelea na kazi, ndiyo sala ninayoiweza siku nyingi.

Wazo hili ni la kale. Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliagiza katika sura ya 35 ya Kanuni yake kwamba watawa wahudumiane jikoni kwa zamu ya juma zima, asisamehewe mtu isipokuwa kwa ugonjwa au shughuli nzito, na kwamba anayemaliza zamu afue taulo, kisha yeye na anayempokea wawaoshe wenzao wote miguu. Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Yaani hata sufuria yetu yenye masizi.

Waislamu nao wana neno kali zaidi. Qur'ani, sura ya 76, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani. Malipo ni rahisi kuyakataa, maana hakuna anayetupa. Shukrani ndiyo tunayoikusanya kwa siri, na mzee akiondoka bila kusema asante tunaudhika kana kwamba ametukopa. Wale wanaosifiwa katika Mathayo 25 hawakujua hata waliyemhudumia: wanauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa wakamlisha.

Hata hivyo naogopa mafundisho yanayomfanya maskini kuwa ngazi ya mwingine kupandia mbinguni. Mpishi wetu mkuu hulipwa mshahara, na ni haki yake. Kumwambia mama mwenye watoto wa kusomesha kwamba atalipwa peponi ni unyonyaji. Wasikh wamelikabili jambo hili kwa njia ninayoihusudu. Katika hekalu lao la Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, msafiri wa dini yoyote hulishwa bure, kwa desturi ya langar, yaani jiko la bure la wote, iliyoanzishwa na Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini yao, ambapo wote huketi safu moja ili pasiwe na mkubwa wala mdogo, na tajiri huweza kukutwa akiosha vyombo.

Kwetu, safu hiyo ilianza bila kupangwa. Mzee mmoja aliyekuwa akija kula alichukua kitambaa akaanza kukausha sahani, na tukabishana kama inafaa kumwacha afanye kazi, kwa kuwa baadhi yetu waliona kwamba mgeni anafanyishwa kibarua kwa ajili ya chakula chake. Hatimaye aliulizwa mwenyewe, jambo ambalo lingepaswa kutangulia, akajibu kwamba kukaa bure kunamchosha. Jina lake sasa limo katika orodha ya zamu, na hutugombeza tukichelewa kuchemsha maji.