Fizi za kwetu

Mama alivaa meno ya bandia kabla hajatimiza miaka 50. "Fizi za kwetu mbovu," alizoea kusema, nami nikaichukua kauli hiyo kama hukumu iliyokwisha kusomwa.

Nikiwa na miaka 36, wiki chache baada ya kuacha sigara, nilianza kutema povu jekundu kila nikipiga mswaki. Nikalaumu kule kuacha. Kumbe sigara hupunguza damu ya fizi, hivyo ugonjwa ulikuwepo siku nyingi, umejificha.

Daktari wa meno alipima kina cha mwanya kati ya ufizi na kila jino kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, huku akimtajia msaidizi namba. Mbili, tatu: salama. Kwenye magego nikasikia sita, kisha saba. Eksirei ikaonyesha mfupa unaoshika meno umeshuka.

Nikamwambia ugonjwa huu ni wa kurithi. Hakubisha. Tafiti za mapacha, alisema, zinakadiria kuwa kama nusu ya tofauti baina ya watu inatokana na vinasaba. Akanisimulia wafanyakazi wa mashamba ya chai Sri Lanka, wasiopiga mswaki kabisa: ripoti ya 1986 ilionyesha kama asilimia 8 waliharibikiwa fizi upesi, na asilimia 11 waliishia kwenye uvimbe wa fizi tu. "Ukoga, ule utando wa vijidudu kwenye meno, hukuurithi," akasema. "Umerithi namna mwili wako unavyopigana nao." Nikaomba kipimo cha jeni. Akacheka: jeni zinazohusika ni nyingi, kila moja na mchango wake mdogo, kijiti kile kinasema zaidi.

Nikapigwa ganzi, ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu, ukakwanguliwa hadi chini ya ufizi, upande mmoja, halafu wa pili wiki iliyofuata. Gego moja halikuokoka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyumbani. Nilikuwa nakwepa sehemu zinazotoka damu. Sasa hizo ndizo nilizoanza nazo, kwa vibrashi vya kupitisha katikati ya meno, kila usiku, saizi mbili kwa sababu mianya hailingani. Wiki ya tatu damu ikakata. Fizi zilinywea, meno yakaonekana marefu na maji baridi yakawa adhabu. Hilo hakuna aliyenionya. Narudi kupimwa kila miezi mitatu. Ile saba sasa ni nne.

Mwezi uliopita nilimburuta mdogo wangu naye akapimwe. Alikuja akinung'unika kwamba hajawahi kuona hata tone la damu kwenye mswaki wake. Wamemkuta na tano, sehemu mbili. Anavuta pakiti kwa siku.