Siku Mjomba alipoipima Bissonnet kwa hatua

Jana wamemwaga zege kwenye kile kiwanja cha kona, na harufu ya saruji mbichi ikaingia na joto mpaka jikoni. Binti yangu akauliza kinajengwa nini. Maegesho, nikamwambia. Ya duka gani? Duka halijajulikana bado, maegesho ndiyo yanayotangulia. Hapo hapo Mjomba akanijia akilini, na ile pama yake, amesimama katikati ya plaza, ile safu ya maduka ya barabara ya Bissonnet hapa Houston, saa sita ya mchana huku akihesabu kwa sauti.

Wanaomjua wanakumbuka kuwa alikuwa mpima ardhi Tanga, na kwamba kustaafu kulimtoa ofisini tu, kazini hakukumtoa. Mtu aliyekulia Ngamiani, kwenye barabara zenye namba zinazokatana kwa pembe mraba, hauangalii mji bila kuutafutia mistari. Alifika Houston mwezi wa Julai, na alikuwa ameshaambiwa na kila mtu, kuanzia abiria mwenzake wa ndegeni mpaka wapwa zake wa Minneapolis, kwamba katika miji mikubwa ya Marekani hakuna wenye sura mbaya kama huu. "Nani kaupima?" akaniuliza mezani. Nilipochukua funguo za gari alikataa. Kwenye gari, alisema, mtu anaona mabango basi.

Kwa hiyo tukaenda kwa miguu na basi, na njia niliyomchagulia ni Bissonnet. Mpaka leo yeyote anayetaka kujua ukweli wa hizi lawama namwelekeza huko huko. Barabara hiyo inaanzia kwenye makumbusho ya sanaa karibu na Main, inapita West University Place na Bellaire, inavuka barabara kuu ya 59 na kuendelea magharibi mpaka Alief. Mji mzima umo ndani yake, mzuri na usiotazamika. Basi ni namba 65, nauli dola 1.25, na ukilipa kwa kadi unaweza kubadilisha mabasi kwa saa 3 bila kukatwa tena. Sisi tulianzia upande wetu, upande wa 59.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuvuka hiyo 59. Kwa asiyeishi Texas nieleze: barabara kuu za huku hazikai peke yake. Kila upande ina barabara ya pembeni inayokwenda uelekeo mmoja, na biashara zote zimepangwa kando ya hiyo ya pembeni. Ndiyo maana mgeni anayetoka uwanja wa ndege anaona kilomita baada ya kilomita za nguzo za matangazo, wauza magari, maghala ya kupangisha na vituo vya mafuta. Kwingine barabara kuu hupita katikati ya miti au kuta. Huku ndiyo imekuwa uso wa mji. Mwenda kwa miguu anavuka ya pembeni ya kwanza, anapita chini ya daraja, kisha anavuka ya pembeni ya pili. Unabonyeza kitufe cha taa na kusubiri. Hata taa ya kutembea ikiwaka usikurupuke, maana kukunja kulia kwenye taa nyekundu kunaruhusiwa, na dereva anayekunja anaangalia kushoto yanakotoka magari. Wewe unayetokea kulia kwake humo kwenye hesabu yake. Tulivuka. Mjomba alinishika mkono, mimi mtu mzima, kama alivyokuwa akinivusha barabara ya kumi na mbili.

Mbele kidogo ndipo ilipo ile plaza. Mnaijua: kinyozi, saluni ya kusuka, mahali pa kutuma fedha, mashine za kufulia, kanisa ndani ya fremu ya duka, na duka la yule ndugu wa Uvira, Kongo, anayeuza ndagala (dagaa), unga wa muhogo na sombe (kisamvu) iliyogandishwa. Mbele yake ni uwanja wa zege usio na mti hata mmoja. Mimi nilikuwa nataka tukimbilie kivulini. Mjomba akarudi mpaka ukingoni mwa kijia cha miguu, akaipa barabara mgongo, akavuta pumzi na kuanza kutembea kuelekea madukani.

Hatua yake ni sentimita 75. Aliipima ujanani na hakuiacha ilegee. Alitembea taratibu, macho mbele, akipita katikati ya magari yaliyoegeshwa bila kupinda, na mimi nyuma yake nikiona jasho likichora ramani mgongoni mwa shati lake. Zege lilikuwa linarudisha joto usoni. Hatua 49 mpaka mlango wa duka, karibu futi 120. Kisha akazunguka pembeni ya jengo, akaupima ukuta wa ubavuni kutoka mbele mpaka kwenye mapipa ya taka: hatua 24, karibu futi 60. Akarudi, akachuchumaa, akapima mstari mmoja wa rangi ya njano kwa viganja. Karatasi ya stakabadhi ikageuzwa, kalamu ikatoka kwenye mfuko wa shati. Gari futi 18, njia ya kupita futi 24, gari tena futi 18: jumla 60. Mpangilio huo umerudiwa mara mbili, yaani futi 120 za magari mbele ya maduka yenye kina cha futi 60. "Ardhi ya gari ni mara mbili ya ardhi ya mtu," akasema, na hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayesoma namba kwenye jiwe la mpaka.

Yule ndugu wa Uvira alikuwa ametoka mlangoni anatutazama. Mzee mwenye kalamu anayepima plaza si habari njema kwa mpangaji. "Muzee, uko napima nini? Ni serikali ndjo ilikutuma?" Mjomba akamwamkia, akamweleza. Jamaa akacheka kwa kupumua, akatuletea maji.

Hapo mlangoni ndipo nilipomweleza Mjomba kile ninachokijua kuhusu namba zake. Watu husema Houston ina sura mbaya kwa sababu haina sheria ya matumizi ya ardhi, ile inayogawa mji kwenye maeneo ya makazi, biashara na viwanda. Ni kweli haina. Wapiga kura waliikataa mwaka 1948, wakaikataa 1962, na wakaikataa tena 1993. Lakini kukosa sheria hiyo si kukosa sheria. Kwenye barabara kubwa, jengo linatakiwa kukaa futi 25 ndani kutoka mpaka wa barabara. Mkahawa wa kawaida unadaiwa nafasi 10 za magari kwa kila futi za mraba 1,000, duka la kawaida nafasi 4, na flati ya chumba kimoja nafasi 1.333. Nafasi moja pamoja na sehemu yake ya kupita hula karibu futi za mraba 300. Piga hesabu: mkahawa wa futi 1,000 unakuja na futi 3,000 za zege. Na hata pale ambapo sheria haikuwalazimisha, wenye plaza walifanya hivyo hivyo, kwa kuwa mteja alikuwa tayari yumo garini. Kwa wenye nazo kuna ulinzi mwingine, masharti yaliyoandikwa ndani ya hati za viwanja, ambayo hapa hata mawakili wa mji wanaweza kuyasimamia mahakamani. Mitaa ya matajiri inalindwa na karatasi hizo. Plaza yetu hailindwi na chochote.

Mjomba alimgeukia mwenye duka akamuuliza kama panamkera. Yule bwana alifikiri kwanza. Akasema fremu hiyo ilikuwa ya kukodisha kanda za video, baadaye ikawa ya kushona nguo, kisha yake. Kibali cha afya cha kuuza chakula alikitafuta, ndiyo, ila hakuna ofisi iliyomwambia mtaa huu si wa biashara yako. Kodi anaimudu kwa sababu jengo ni la zamani na yako mengi yanayofanana nalo. Majengo ya flati yaliyo nyuma, kuelekea Gulfton na Sharpstown, mengi yalijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana waliokuja na neema ya mafuta. Mafuta yaliposhuka bei miaka ya 1980, yakabaki matupu na kodi ikaanguka, ndipo wahamiaji wakaingia. Uso huu uliokauka ndio uliotupokea. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo, na nikisikia mtu anautukana mtaa huu bila kujua hilo, damu inanichemka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Basi lilikuja, tukapoa. Tulipoingia Bellaire nilimwambia Mjomba kwamba sasa tuko kwenye mji mwingine, uliozungukwa na Houston karibu pande zote na wenye sheria yake ya matumizi ya ardhi, na baadaye West University Place vivyo hivyo. Akabandika uso dirishani autafute mpaka. Nyumba zilikuwa kubwa zaidi, ndiyo, na miti ikaongezeka. Lakini Bellaire nako plaza zipo, na maegesho yako mbele vile vile. Akaandika hilo kwenye karatasi yake na kulipigia mstari.

Tuliposhuka kutembea kidogo West University, kitu kimoja kilimsimamisha: mpira wa maji wenye vitundu, umelazwa chini kuuzunguka msingi wa nyumba, kama futi moja na nusu kutoka ukutani, unatoa jasho la maji. Bustani haikuwepo hapo. Walikuwa wanaumwagilia msingi. Udongo wa Houston ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi kikikaza unaachana na bamba la zege, nyumba inakaa upande, milango inagoma kufunga na ukuta unapasuka kuanzia pembe za madirisha. Kwa hiyo unaupa unyevu kidogo kidogo, usiku au alfajiri, bila kuruhusu dimbwi, maana ukilowesha upande mmoja tu unazidisha ubaya. Udongo huo huo ndio unaozipasua barabara zetu za zege na kuzifanya zionekane zimetelekezwa hata pale zilipojengwa vizuri. Mjomba aligusa ule udongo, akauviringisha kati ya vidole mpaka ukawa uzi mrefu usiokatika. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Mwisho tukafika North Boulevard, mtaa wa Broadacres, hatua chache tu kutoka Bissonnet. Mialoni imepangwa mistari upande huu na upande ule, matawi yamekutana juu, na katikati kuna njia ya matofali. Mialoni ya huku haipukutiki wakati wa baridi, kwa hiyo kivuli ni cha mwaka mzima. Mjomba alivua pama. Akauliza msitu huu waliukuta? Hapana. Sehemu kubwa ya upande huu wa mji ilikuwa mbuga tupu, bapa, ya nyasi. Mtaa ulipimwa mwaka 1923 na miti ikapandwa muongo huo huo. Houston haikujaliwa kilima wala ufukwe ndani yake, na mto wake ni kijito cha matope. Uzuri wake mwingi ni wa kupandwa na kusubiriwa.

"Kwa hiyo kule kwenu hakuna aliyepanda," akasema.

Usiku ule alichora. Plaza ina upana wa mita 75 mbele ya barabara. Ukiondoa safu moja tu ya magari, ile ya ukingoni ambayo mchana ule ilikuwa karibu tupu, unapoteza nafasi 27 na kupata ukanda wa mita tano na nusu. Mialoni saba, kila mmoja mita 10 kutoka kwa mwenzake, mitaro midogo ya kunywa maji ya mvua katikati yake, na benchi mbili upande wa kituo cha basi. Hakuna duka linalohama. Mwaka 2019 mji uliondoa masharti ya idadi ya maegesho katika Midtown na mashariki ya katikati ya mji, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa ndoto. Huku kwetu masharti yalibaki.

Nilimpelekea yule ndugu wa Uvira mchoro. Aliupenda, aliuangalia muda mrefu, kisha akauliza: miti hiyo ikikua, kodi itabaki hii hii? Nilikosa la kumwambia. Mwaka 1998 mji uliruhusu viwanja vidogo vya futi za mraba 1,400 ndani ya duara la barabara ya 610, na nyumba nadhifu za ghorofa tatu zikachipua kila mahali. Freedmen's Town, iliyojengwa na watu waliotoka utumwani na ambao barabara zake walizitandika matofali wao wenyewe, imepoteza nyumba zake nyingi za asili. Mahali panapendeza zaidi kuliko palivyokuwa, na wenyewe wengi hawapo.

Mimi nataka mialoni saba na nataka duka la ndagala. Kilicho karibu na hilo ninachokijua hapa mjini ni Project Row Houses, Third Ward, ambako tangu 1993 vijumba 22 vya mbao vilivyokuwa vya kubomolewa vilifanywa nyumba za sanaa na makazi ya kina mama vijana, na majirani wakabaki majirani. Lakini wale walianza kwa kuvipata vijumba vyenyewe. Plaza ya Bissonnet ina mmiliki mmoja, na wapangaji wake hawajawahi kumwona uso.