Raga ya ligi na raga ya yunioni: tazama kinachofuata mtu anapoangushwa

Mkenya au Mganda anayehamia Wigan, St Helens, Wakefield au Hull, miji ya kaskazini mwa Uingereza, hufika akijua raga anaifahamu. Ameitazama yunioni kwenye uwanja wa RFUEA pale Ngong Road, Nairobi, au Kyadondo kule Kampala, amekesha akiishangilia Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya saba. Kisha wenzake wa kazini wanampeleka uwanjani, na huko anakuta raga ya ligi: timu za watu 13, lainauti (safu mbili zinazogombea mpira unaorushwa kutoka pembeni) hakuna, skramu (wachezaji waliofungamana kugombea mpira) haina kusukumana, na kila anayeangushwa anaachwa ainuke na mpira wake. Wengi hutoka hapo wakisema ni watu kugongana tu, jambo lile lile tangu mwanzo hadi mwisho. Hukumu hiyo si ya haki, na hutokana na kutojua pa kuelekeza macho.

Yote huanzia kwenye zile sekunde chache baada ya mtu kukabwa. Katika yunioni mpira hugombewa palepale. Aliyekabwa sharti auachie, aliyemkaba sharti amwachie na kupisha, na wa kwanza kufika akiwa amesimama kwa miguu yake anaweza kuupora. Katika ligi mpira hubaki wa aliyekabwa: anainuka, anauweka chini na kuuviringisha nyuma kwa mguu, na mwenzake aliye nyuma yake, dami-hafu, anauokota. Uhakika huo una mpaka wake. Timu ikishakabwa mara sita, mpira ni wa wapinzani. Ndiyo maana baada ya mkabo wa tano karibu kila mara utaona mpira ukipigwa teke.

Kasi ya ligi inatoka hapo. Kila mkabo ukikamilika, walinzi wote isipokuwa wawili wanaosimama mbele ya mwenye mpira lazima warudi nyuma mita 10, halafu wakimbie mbele tena kukaba. Hooka wa ligi, ambaye mara nyingi ndiye dami-hafu, kukaba mara 40 katika mechi moja ni jambo la kawaida. Kwa hiyo usimfuate mwenye mpira peke yake, tazama anavyoanguka. Akitua kifudifudi juu ya viwiko na magoti, atainuka upesi, na walinzi watakuwa bado wanarudi kinyumenyume. Akigeuzwa chali na watu watatu juu yake, ukuta umeshapangika na mkimbiaji anayefuata ataufikia umesimama imara. Mechi nyingi huamuliwa na tofauti hiyo ya sekunde moja au mbili, ikijirudia mara mia kadhaa. Tangu 2020 refa akiona mtu analaliwa chini kusudi, mara nyingi hasimamishi mchezo kwa penalti. Anaanza tu kuhesabu mikabo sita upya. Walinzi waliochoka hawapati hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Yunioni haiendi mwendo huo. Katika dakika 80, mpira huwa mchezoni kwa muda usiofika nusu. Muda uliobaki huliwa na skramu, lainauti, penalti na mikwaju. Watawala wa mchezo wanalijua tatizo hili, ndiyo maana siku hizi timu hupewa sekunde 30 kujipanga kwa skramu au lainauti, na mpigaji sekunde 60 kwa mkwaju wa baada ya trai (bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani). Hata hivyo skramu huporomoka. Kila upande una watu wanane, na katika mechi za kimataifa uzito wao hupita kilo 800. Propu mmoja, mtu wa mstari wa mbele wa skramu, akiteleza kwenye nyasi zenye maji, akishika mkono wa mpinzani badala ya jezi, au akiweka miguu nyuma mno hadi mgongo ukainama, wote wanakwenda chini na kazi inaanza upya.

Lakini ni humo humo kwenye ucheleweshaji ambamo yunioni inapata mseto wake, nami kwa hili naipenda. Skramu iliyoshinda huzaa penalti. Penalti hupelekwa pembeni kwa teke. Pembeni kuna lainauti. Lainauti huzaa moli, yaani kundi linalomzunguka mwenye mpira na kusukuma mbele likiwa limesimama, na moli huzaa trai bila pasi hata moja. Au mpigaji anaamua kuchukua pointi tatu. Katika ligi penalti ina thamani ya pointi mbili tu, trai nne dhidi ya tano za yunioni, na teke la dondosha (mpira unadondoshwa na kupigwa kati ya nguzo) kwa kawaida pointi moja dhidi ya tatu. Mahesabu hayo hubadilisha kabisa maamuzi ya nahodha. Hata maumbo hutofautiana: yunioni ina nafasi kwa mtu wa mita mbili anayenyanyuliwa kudaka lainauti na kwa propu mfupi mnene, ilhali wachezaji wa ligi wanafanana zaidi, kwa kuwa kila mmoja lazima akimbie, akabe na arudi mita 10.

Historia inaeleza sababu. Klabu za kaskazini zilijitenga na chama cha raga cha Uingereza mwaka 1895 katika kikao cha Huddersfield, kwa sababu wachezaji wao walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda waliotaka kufidiwa mishahara wanayoikosa wakicheza. Klabu zenye kulipa zilihitaji watazamaji wenye kulipa, basi zikauondolea mchezo kila kilichouchelewesha: lainauti ikafutwa 1897, na mwaka 1906 timu zikawa za watu 13.

Anayetaka ushahidi wa jinsi michezo hii ilivyoachana atazame Mei 1996, Wigan, klabu ya ligi, na Bath, klabu ya yunioni, zilipokutana mara mbili. Kwa sheria za ligi, pale Maine Road, Wigan ilishinda 82-6. Kwa sheria za yunioni, pale Twickenham, Bath ilishinda 44-19. Mwezi huo huo Wigan ilichukua pia Middlesex Sevens, mashindano ya raga ya saba ya yunioni, na jambo hilo halipaswi kumshangaza shabiki wa Shujaa: raga ya saba na raga ya ligi zote mbili zinamlipa mtu anayejua kukaba peke yake palipo wazi. Tangu hapo yunioni imechota mengi kutoka ligi, hasa ulinzi. Shaun Edwards na Andy Farrell, waliokuja kuwa makocha wa yunioni, wote walilelewa Wigan. Hata sheria ya 50:22, iliyoingia yunioni 2021, inafanana na 40/20 ya ligi: piga teke ukiwa nyuma ya mstari wako wa mita 40, mpira udunde ndani na kutoka pembeni katika mita 20 za mwisho za wapinzani, na mpira unarudi kwenu.

Kwa vijana wanaotaka kucheza huku, wengine wameshaipita njia hiyo. Lucas Onyango aliichezea Kenya raga ya saba, kisha akawa winga wa ligi huko Widnes na Oldham. Mtu wa yunioni akianza ligi hukosea mambo yale yale. Akikabwa anaunyoosha mpira chini kwa wenzake na kuuachia, wapinzani wanaupata. Mwenzake akikabwa, anakimbilia kusafisha raki (rundo la wanaogombea mpira ulio chini) ambayo haipo, badala ya kujipanga kwa mbio inayofuata. Hahesabu mikabo, kwa hiyo wa tano unamkuta pasipostahili. Anayetoka ligi kwenda yunioni, kwa upande wake, hung'ang'ania mpira akiwa chini na kuadhibiwa, au humwacha mwenzake peke yake raki ikiporwa. Akumbuke pia kwamba kwenye klabu za mitaa za yunioni hapa Uingereza, tangu msimu wa 2023, kukaba kunatakiwa kuwa chini ya mfupa wa kidari.

Anza wingani au senta, ambako kasi yako itafaa kabla hujazoea sheria. Na huhitaji kuchagua mara moja: Super League, ligi kuu ya raga ya ligi, huchezwa kuanzia Februari hadi Oktoba, na yunioni huanza Septemba na kumalizika mwishoni mwa majira ya kuchipua.