Siku wimbo wa lumbesa ulipokatwa kiitikio

Wakati huo nilikuwa nimeshajiona mtunzi. Gitaa kavu ninalo, na kichwani nimejaza Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa bendi ya Morogoro Jazz. Kwetu Ifunda baba alikuwa mtu wa redio, na Morogoro Jazz aliisema kama anayesema habari za ukoo. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, mimi sijazaliwa, lakini solo zake nilizijua kuliko majina ya shangazi zangu. Baadaye mjini Iringa rafiki yangu akaniazima kaseti ya Hukwe Zawose, yule Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Sauti yake na ile marimba ya mkono vilinivuruga kabisa. Nilimwiga mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama koo limeniuma.

Wimbo niliokuwa naringia ni wa lumbesa. Kwa wasiolima viazi: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu mdomo wenyewe unaongezwa kipande cha gunia jingine, linajazwa tena, linashonwa kwa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Kiitikio changu kilisema mkulima amka, dai haki yako. Nilikirudia kila baada ya ubeti, kwa nguvu zote.

Masika moja nikaenda nao Kalenga, kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kisicho mbali na makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe. Msimu wa mianzi ulikuwa umekolea, watu tele. Nikapiga. Wakanipigia makofi ya adabu, wakarudi kwenye mbeta zao za ulanzi.

Pembeni alikaa mzee mmoja na ligombo mapajani. Ni ubao uliochimbwa mfano wa mtumbwi mdogo, uzi mmoja mrefu umepitishwa kwenye meno ya huku na kule, ukienda na kurudi, na chini kibuyu cha kukuza sauti. Hata na kibuyu chake, ligombo halipigi kelele. Alianza taratibu, kwa Kihehe, habari za mama mwenye kilabu na bati lake linalovuja juu ya wateja wasiolipa madeni. Aliowataja wakainamisha vichwa, wengine wakacheka. Halafu nikasikia ananiimba mimi, kijana wa Ifunda aliyekuja na sanduku la nyuzi kuwaamsha watu ambao hawajalala.

Kilabu kizima kiliangua kicheko. Nikamfuata.

“Kamwene, babu.”

“Kamwene. Lile gunia lako ni la nani?”

“La wakulima, babu.”

“Wakulima wangapi wanashika jembe moja? Nakuuliza la nani.”

Nikamwambia la mama. Akataka kujua lilishonwa na nani, kwa kamba gani. Ikabidi nikumbuke: katani ilikuwa imeisha, mama akafungua kamba ya manjano ya kufungia mbuzi. Dalali akapanda juu ya gunia na viatu vyake, akalikanyaga viazi viingie vingine, huku anamsifu mama kwa mavuno mazuri.

“Sasa hayo umeyaficha ya nini?” akasema. “Hiyo ya kudai haki ulishaniambia mara ya kwanza nikasikia.”

Kisha akaligeukia gitaa. Akauliza kwa nini nyuzi zinaongea wakati mimi naongea, hatukufundishwa kusubiriana? Akanilaza kiganja juu ya nyuzi, nikaimba mstari mmoja mkavu: mama kashona kwa kamba ya manjano. Nilipofika mwisho akaniachia mkono, akaniambia uzi nao useme manjano. Nikatafuta kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene, ikapanda kidogo, ikashuka. Akakataa. Manjano yangu ilikuwa inapanda mwishoni kama swali. Tukarudia mpaka mama mwenye kilabu akaanza kuitikia mwenyewe kutoka kwenye mapipa, na hapo mzee akanyamaza, akaendelea kunywa.

Miaka mingi baadaye nilisikia zile rekodi alizofanya Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipozunguka Tanganyika mwaka 1950, ligombo likiwemo. Nilijikuta nimeshika nyuzi za gitaa zisilie, na gitaa lenyewe halikuwa hata linapigwa.

Wimbo ule naupiga hadi leo bila kiitikio. Kwenye magulio watu wanausikiliza wamesimama na vikapu vyao, na yupo dalali mmoja aliyenivuta kando kuniuliza kama nimemtuma mtu amchunguze. Tatizo ni katikati, baada ya dalali kushuka juu ya gunia, ambapo nimeweka solo ndefu ya Kimbaraka isiyojibu neno lolote. Mzee aliisikia mara moja, akasema hapo nimeacha mgeni mlangoni nikaenda kucheza. Tulibishana kweli kweli. Sikuitoa.